Tiki za Uongo

Kila alasiri, baada ya kuvua sare za shule, Chiriku aliketi sebuleni na dada yake. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku hizo alinuna kama aliyetafuna ndimu.

Miezi mitano nyuma, dada yake alikatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono, katika karakana ya baba yao aliyekuwa fundi vioo. Daktari aliushona mshipa wa fahamu uliokatika, ila gumba na vidole viwili vinavyofuata vilibaki na ganzi. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini akaagiza hivi: dada afumbe macho, Chiriku amguse kwa pamba, kifungo au msasa, naye aseme ni nini na kimegusa kidole gani. Akipatia, tiki daftarini. Akikosea, alama ya kosa, kisha afumbue macho, atazame na kuguswa tena.

Kazi hiyo haikumchosha Chiriku. Kilichomuuma ni kwamba dada haoshi vyombo, na baba akirudi, kabla hata ya kuvua viatu, huuliza, "Mkono wa mwanangu unaendeleaje?" Siku Chiriku aliposhika nafasi ya pili darasani, baba alisema tu, "Vizuri, mama," huku macho yake yakiwa kwenye mkono ule ule.

"Kwani mimi sina mikono?" alinong'ona akisugua masufuria.

Jumatatu akamgusa dada gumba kwa pamba.

"Kifungo," dada alisema. "Kidole cha kati."

"Umepatia!"

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Dada aliruka kwa furaha, akamkumbatia. Chiriku aliona haya, lakini akajiambia: akipona, ataosha vyombo. Hadi Jumamosi daftari lilijaa tiki. Mama alipoliona alipiga kigelegele.

"Basi leo njoo jikoni, binti yangu."

Dada akafunua sufuria iliyokuwa ikitokota, akasimama na kifuniko mkononi, akisimulia kisa na kucheka. Chiriku ndiye aliyeona mvuke ukimpiga vidole.

"Dada, kitupe! Kitupe!"

Kifuniko kilipoanguka, ngozi ya vidole vitatu ilikuwa imebabuka. Dada alivitazama kama vya mtu mwingine. Mama akamvuta haraka bombani.

Hospitalini, mtaalamu alifunua daftari akakunja uso. "Tiki tupu wiki nzima. Mkono unaohisi pamba utashindwaje kuhisi moto?"

"Labda nimekosea mimi," dada alisema.

Hapo Chiriku akashindwa kuvumilia. "Si yeye. Mimi nimeandika uongo. Nilimwonea wivu!"

Mtaalamu hakufoka. Alichukua mkono wa dada, akapitisha kidole kutoka kwenye kovu kuelekea gumba.

"Mlipokuwa tumboni mwa mama, nyuzi za neva, yaani mishipa ya fahamu, zilichipua zikipapasa njia, zikifuata dalili za mwili hadi kila kidole. Zikikatika, hukua tena taratibu, kama milimita moja kwa siku, zikipita kwenye mifereji ya zamani. Nyingine hupotea njia: uzi wa gumba huingia kidole cha kati. Ubongo hauna budi kufundishwa upya nani yuko wapi. Na ukiuambia 'umepatia' wakati umekosea, unaufundisha uongo."

Kwa majuma mawili dada hakumsemesha. Malengelenge yalipopona, alikuja mwenyewe, akaketi na kufumba macho. "Nidanganye tena uone!"

Chiriku akacheka huku machozi yakimtoka. Juma hilo makosa yalikuwa mengi kuliko tiki. Mwezi uliofuata yalipungua, hadi siku moja dada akasema, "Pamba. Gumba," na ilikuwa kweli.

Mama, aliyekuwa mlangoni, akamketisha Chiriku karibu yake.

"Wivu humpata kila mtu, mwanangu, hata mimi," alisema. "Ukikujia, njoo uniambie, 'Mama, nimesahauliwa.' Nitakusikia. Lakini usiupe kazi ya kufanya, maana wivu hauna kazi njema."