Chupa Moja ya Dawa, Nyumba Saba

Kila Jumapili baada ya misa, nje kidogo ya mji wa Kamina, nyumba saba ziligawana chupa moja ya dawa ya kupe. Kila aliyeipokea aliongeza maji kidogo, ili mwenzake naye apate. Moyo mzuri, kweli. Lakini kupe hajali moyo wa mtu.

Urbain na mkewe Priscille walikuwa na maksai wawili wa kuvuta plau. Mvua za kwanza zikanyesha, na Makasi, maksai mkubwa, akashindwa kusimama. Alikuwa na homa, na masikio yake yalijaa kupe. Urbain aliogopa sana. Maksai mmoja halimi, na bila mahindi nyumba ingekosa bukari, ugali wao, mwaka mzima.

Wakamwita Noémie, daktari wa mifugo. Alimdunga Makasi sindano ya homa.

"Tulishabadilisha dawa mara tatu, mama," Priscille akamwambia. "Hii kupe haiogopake kitu."

Noémie akaomba chupa za dawa zote tatu, akazisoma. "Majina iko tatu, lakini dawa ya ndani njo ileile. Tena munaongezaka mayi. Kupe zaifu inakufwa, ya nguvu inabakia, inazala batoto ya nguvu. Weye njo unaikomalisha, baba Urbain."

"Sasa ninyime benzangu? Minyi nitabaangalia namna gani mu kanisa?"

"Usibanyime. Mulete ngombe yote siku moja, pa fasi moja. Nitabapatia dawa ya aina ingine. Mutaipima sawa vile karatasi ya ku chupa inasema. Kama kupe inabakia tena, muniite mbele ya kubadilisha dawa."

Urbain alinuna, kwa kuwa hakupenda kufundishwa mbele ya mkewe. Hata hivyo Jumamosi nyumba zote saba zilikuja. Walivaa glavu, wakapima dawa na maji, wakapuliza kila ng'ombe mpaka akachuruzika: ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya miguu.

Siku chache baadaye kupe walikuwa wamekauka na kuanguka. Makasi alianza kula vizuri. Wiki ya tatu alifungwa nira, akavuta plau kama zamani, na Priscille akafuata nyuma akipanda mahindi.

Jioni hiyo Priscille alisimama, kikapu chake cha mbegu kikiwa kitupu. Mbele yake udongo uliolimwa bado ulikuwa mwingi.

"Baba, mbegu imeisha."

Urbain akacheka kwa furaha. "Enda utafute ingine. Makasi angali anataka kulima."