Diski ya Nyonga ya Bibi

Asubuhi hiyo Bibi aliomba chai mara tatu, na mara tatu akasema haina sukari. Hakuwa na ugomvi na chai. Nyonga ndiyo ilikuwa inamuuma.

Kwa miezi mitatu alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja, mto mgongoni. Kulala chali alikuwa hawezi. Kwenda msalani mpaka ashikwe huku na huku. Mwanawe ni seremala, anafanya kazi barazani. Mke wa mwanawe ni mshonaji, cherehani yake iko sebuleni. Kwa hiyo Bibi alikaa katikati ya nyundo na cherehani, akiwasikia wote wawili na kuwakosoa wote wawili.

Saa tatu simu ililia. Mshonaji akapokea. Ilikuwa hospitali.

"Daktari wa mifupa anapanga orodha ya upasuaji leo," sauti ilisema. "Tunataka picha za nyonga za mgonjwa wenu. Mzitume kwa barua pepe kabla ya saa kumi. Zisipofika, nafasi anapewa mwingine, na daktari hatarudi hapa mpaka miezi sita ipite."

"Picha tunazo," mshonaji alijibu. "Ziko kwenye diski."

Zilikuwa zimepigwa kwenye hospitali nyingine, safari ya siku nzima kwenda na kurudi. Diski walipewa moja tu.

Mshonaji alikuwa na kompyuta ya mezani, ile yenye kasha kubwa la chuma. Ndimo alimoweka vipimo vya wateja wake. Akabonyeza kitufe, trei ikatoka, akaweka diski, trei ikarudi ndani. Kasha likanguruma. Kisha ukasikika mgongano, tak, tak, tak, kama cherehani iliyovunjika sindano. Halafu kimya. Akabonyeza kitufe tena. Trei haikutoka.

"Niachie mimi," mumewe alisema akiwa mlangoni.

"Hiyo patasi ya nini?"

"Niachie."

Trei ilitoka. Ilitoka yote, pamoja na mlango wake. Diski iliponea chupuchupu.

"Ahsante," mshonaji alisema. Hakumaanisha ahsante.

"Hiki kisoma diski kimezeeka, ndiyo maana. Nakwenda kununua kingine, nakiweka mwenyewe."

"Mwite Bisibisi."

Bisibisi ni jirani yao wa mlango wa tatu, mwanamke mwenye duka la kutengeneza redio, simu na kompyuta. Jina lake halisi watu walishalisahau.

"Bisibisi wa nini? Nimeunganisha kabati la milango sita peke yangu, nitashindwa na kisanduku cha skrubu nne?"

"Kabati halina umeme, mume wangu."

Alikuwa ameshaondoka. Bibi aliguna kitini. "Baba yake naye alitengeneza redio hivyo hivyo. Tukakaa miaka minne bila redio."

Saa saba seremala alirudi na kisoma diski kipya. Akafungua ubavu wa kasha, akakichomoa cha zamani, akaingiza kipya. Ndani ya boksi kulikuwa na skrubu nne ndogo. Akazitazama kwa dharau, akaziweka kando. Akatia mkono mfukoni, akatoa za kwake, ndefu, za kufungia mbao.

Mshonaji alitazama saa ya ukutani. Akatazama skrubu. Akaondoka akaenda kukanyaga cherehani bila kushona kitu.

"Hodi," sauti ya mwanamke iliita. Alikuwa Bisibisi, amefuata sketi yake iliyokuwa ikiwekwa zipu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pita ndani uone maajabu."

Bisibisi alipita, akasimama. Kasha liko wazi. Waya bado umechomekwa ukutani. Ndani, taa ndogo inawaka. Na seremala amezamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Shemeji, toa mkono humo."

"Nimebakiza skrubu moja tu."

"Toa mkono."

Akautoa. Bisibisi akachomoa plagi ukutani, akavuta pumzi, ndipo akaongea.

"Umeizima kwa kitufe, sivyo? Haitoshi. Hiyo taa inakwambia umeme bado upo. Unazima, unachomoa plagi, halafu unabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, umeme uliobaki ndani uishe. Sasa shika chuma cha kasha, mahali pasipo na rangi."

"Nishike chuma? Hii ni dawa au uganga?"

"Ukivua sweta kuna kitu kinakuchomachoma, au hakuna? Huo ni umeme, unao mwilini. Wewe haukuui, lakini vifaa vya humu unaviua. Ukigusa chuma kwanza, unatoka. Haya, na hizi skrubu ni za nini?"

"Za kwao fupi mno. Hizi zinashika."

"Zinashika nini? Huu si ubao. Hili ni bati, na nyuma ya bati kuna trei. Ukiingiza skrubu ndefu unaipigilia trei isitoke milele." Alikuwa anazifungua moja moja huku akisema. Akakitoa kisoma diski, akakigeuzageuza. "Una bahati kubwa kuliko akili. Zimekwaruza tu."

Kutoka kitini alisikika Bibi akicheka.

Bisibisi akakirudisha kwa mbele, taratibu, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa kasha. Akafunga zile skrubu fupi, mbili kila upande, akakaza kwa vidole viwili tu.

"Nyaya ni mbili," alisema. "Huu mpana unaleta umeme. Huu mwembamba unapeleka habari kwenye kompyuta. Wewe umechomeka mmoja."

"Mwingine ulikataa kuingia."

"Ulikataa kwa sababu umeugeuza. Tazama, mdomo wake una kona. Unalinganisha kona na kona, unaingia wenyewe. Ukijikuta unasukuma kwa nguvu, acha, umekosea."

Wakafunga ubavu wa kasha. Wakachomeka plagi, wakawasha. Bisibisi akabonyeza kitufe cha kisoma diski na trei ikatoka bila kelele. Seremala aliifurahia sana. Akanyoosha kiganja airudishe ndani.

Bisibisi akampiga kofi mkononi. "Si droo hiyo, shemeji. Bonyeza kitufe, irudi yenyewe. Ukiisukuma unavunja meno yake. Dada, lete hiyo diski. Saa nane na nusu hii."

Mshonaji akaileta. Bisibisi akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Dada. Hiki ni nini?"

Kuzunguka lile tundu la katikati kulikuwa na pete ya kitambaa, imekatwa mviringo safi kabisa, imebandikwa juu ya plastiki.

"Nimeimarisha tundu," mshonaji alisema. "Lilikuwa tupu. Hata tundu la kifungo usipolizungushia uzi, linachanika."

Bisibisi akakaa. "Gundi gani?"

"Ya mbao. Ya huyu."

Seremala akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kumbe kile kisoma diski cha zamani hakikuwa kimezeeka."

"Nyamaza," mkewe alisema. "Patasi ilikuwa ya nani?"

"Nyamazeni wote wawili," Bisibisi alisema. "Dada, mashine inaibana diski hapa hapa, kwenye ukingo wa tundu. Halafu inaizungusha kwa kasi kuliko feni. Ukiweka kitambaa, haikai sawa. Inayumba, inagonga. Hiyo ndiyo tak tak mliyoisikia. Ingeweza kupasuka vipande vipande humo ndani."

Mshonaji alimtazama mama mkwe wake kwenye kiti, miezi mitatu akilala amekaa. "Picha zimeharibika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sidhani. Karibu na tundu ni plastiki tupu, hakuna kilichoandikwa. Ungebandika huku nje, juu ya maandishi, tungebandua kitambaa na picha zingetoka nacho."

Seremala aliinuka. "Nina msasa laini kabisa."

"Ukileta msasa humu nakufungia nje," mkewe alisema, na ilionekana wazi kwamba hatanii.

Bisibisi akaomba maji ya uvuguvugu, kidogo. Wakalowesha ncha ya kitambaa safi, wakaikandamiza juu ya ile pete tu. Wakangoja. Kungoja ndiko kulikowashinda. Seremala alizunguka meza mara kumi na moja, Bibi alihesabu kwa sauti. Kisha gundi ikalegea, na hapo kazi ikawa ya mshonaji, mwenye vidole vya kufumua mshono bila kuchana nguo. Hakutumia kisu wala mkasi. Aliinua uzi mmoja kwa ukucha, kisha mwingine, mpaka pete yote ikatoka.

"Sasa ipanguse," Bisibisi alisema. "Ishike pembeni na kwenye tundu, usiguse panapong'aa. Futa kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe. Ikauke kabisa."

Akaipokea, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha kutafuta ufa. "Ingekuwa na ufa nisingeiweka, hata Bibi alie. Ni nzima. Upande wenye maandishi juu."

Trei ikaingia. Wote wakasikiliza. Kasha likanguruma kidogo, kisha likatulia.

"Mtu asiguse meza," Bisibisi alisema. "Ikizunguka haitikiswi. Tunanakili picha ndani ya kompyuta kwanza, ndipo tutume."

Mfupa ulitokea kwenye kioo, mweupe. Bibi alinyoosha shingo. "Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe, mama," seremala alisema.

"Nimekonda."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili walipobonyeza kutuma. Mtandao ulijikokota. Mstari wa kijani ulifika nusu ukasimama, na mshonaji akauambia maneno ambayo hajawahi kumwambia mteja. Ukasogea tena. Dakika tano baadaye simu ililia.

"Picha zimefika. Mgonjwa aje Jumatatu asubuhi."

Mshonaji alikaa chini sakafuni, akajifuta uso kwa sketi ya Bisibisi.

Siku hizi diski za nyumba hiyo zinakaa kwenye vikasha vyake, jina limeandikwa kwenye kikasha, na nakala iko ndani ya kompyuta. Wakitaka kufungua kasha, seremala anachomoa plagi kwanza, anashika chuma, kisha anamwita Bisibisi. Kisoma diski kipya bado kinafanya kazi.

Lakini sasa wana taabu nyingine. Bibi anatembea. Asubuhi anafika barazani, anapitisha mkono kwenye ubao, anasema hapa hujaranda. Kisha anaingia sebuleni, anasema mshono huu umepinda.

"Afadhali alipokuwa anasema kwa mbali," seremala alinung'unika juzi.

"Mwambie arudi kitini, basi," mkewe alisema.

Hakuna aliyemwambia. Na hata hivyo hakuwepo wa kuambiwa. Alikuwa ameshatoka nje peke yake, anakwenda mlango wa tatu kumwarifu Bisibisi kwamba bango la duka lake halijanyooka.