Mshumaa wa Kuomba Radhi

Nyumba ya Tiburcia imepakana na yangu, na ukuta kati yetu ni mfupi. Sina tabia ya kuchungulia. Ila nikisaga mahindi uani, maneno yao yananifikia yenyewe.

Asubuhi kwao ni hivi. Anselmo, mumewe, yuko kwenye mtambo wake anafuma mablanketi. Tiburcia anapika chapati za mahindi. Kuku wanapita katikati ya miguu ya kila mtu. Mwaka ule nyumba iliongezeka mtu mmoja, msichana mkimya aitwaye Nereida. Elfego, mtoto wa Tiburcia, alimtorosha baada ya sikukuu ya kijiji. Kwetu huku bondeni Oaxaca vijana wengi huoana hivyo, na wazee hukasirika kila mara, kana kwamba wao walianza na posa.

Baada ya hapo wazazi wa kijana lazima waende kuomba radhi kwa wazazi wa binti. Wanabeba mikate, chokoleti ya kunywa, na mishumaa mikubwa ya nta ya nyuki iliyopambwa kwa maua ya nta. Mmoja unawashwa kwenye meza ya watakatifu, na wazee wanazungumza huku unawaka. Ukizimika au ukitoa moshi, wapo wanaosema kwamba waombaji hawakuja kwa moyo safi. Crispín, baba yake Nereida, ni mmoja wao.

Mpaka radhi ikubaliwe, Nereida hakuruhusiwa kukanyaga kwao. Mama yake alikaa mtaa wa pili tu. Wakikutana sokoni, mama mtu alitazama nyanya. Nereida alirudi nyumbani na kapu tupu, akakaa jikoni, akalia bila kelele.

Zamani mishumaa ya nyumba ile ilitengenezwa na mama mzazi wa Anselmo. Alipofariki, Tiburcia alirithi sufuria, kata, na duara la mti la kuning'inizia tambi za mishumaa. Ujuzi haukuachwa ndani ya sufuria.

"Tununue tu," alisema Anselmo.

"Tununue, halafu Crispín aseme hata mshumaa tumeona uvivu? Nitatengeneza mwenyewe. Nta ni nta."

Siku Anselmo alipokwenda mjini, Tiburcia aliyeyusha nta. Akatafuta uzi wa tambi. Karibu na mtambo palining'inia uzi wa pamba, mweupe, safi, umesokotwa ukakaza. Akaona huo ndio. Akaufunga kwenye duara, akaumwagia nta kwa kata, tabaka juu ya tabaka, mpaka mishumaa ikanenepa. Kwa macho ilikuwa mizuri, sikatai.

Jioni aliwasha mmoja mbele ya picha ya mama mkwe. Moto ukawa mdogo kama punje ya mahindi. Ukachimba shimo katikati, nta ikajaa, utambi ukazama, moto ukafa.

"Uzi mwembamba," alisema Tiburcia. Kesho yake akasokota nyuzi nyingi za uzi uleule, unene wa kidole, akatengeneza mwingine. Huo ulikataa kushika moto kwa muda. Uliposhika, ulitema cheche na kufuka moshi mweusi hadi kwenye picha.

Anselmo aliingia, akaitazama picha. "Mke wangu, umempa mama masharubu."

"Wewe cheka. Jumapili tunakwenda kwa Crispín na hayo masharubu."

Nereida hakucheka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta masizi kwenye kioo cha picha. "Tusiende, mama," alisema. "Baba akiona moshi huu, atafunga mlango kabisa."

Hapo nilimwonea huruma. Nikamwita Tiburcia ukutani, nikamwambia aende kwa Bi Herlinda, anayetengeneza mishumaa ya kanisa, badala ya kugombana na nta. Alininunia kidogo. Halafu akachukua mshumaa mmoja, akaenda na Nereida, nami nikafuata.

Bi Herlinda alikata mshumaa kwa kisu, akachomoa utambi. Akaukwangua nta, akauweka ulimini. Uso ukamkunjika.

"Shoga, huu uzi umeutoa wapi?"

"Kwa mume wangu, penye mtambo."

"Uzi huu una shabu. Anselmo aliuloweka ili ushike rangi. Shabu inashikisha rangi vizuri sana, ila inazuia uzi kuungua. Nyinyi wafumaji mkiona uzi mweupe mnadhani ni uzi mtupu."

Akachukua uzi wa pamba usiotiwa kitu, akauwasha. Uliwaka mpaka ukawa jivu. Akawasha ule wa Tiburcia. Uligeuka mweusi, ukazimika.

"Kwa hiyo nikipata pamba isiyo na shabu, basi?" aliuliza Tiburcia.

"Basi bado. Niambie, kinachowaka kwenye mshumaa ni nini?"

"Utambi."

"Nta, mwenzangu. Utambi kazi yake ni kunyonya nta iliyoyeyuka na kuipandisha motoni. Uzi uliokazwa hivi haunyonyi. Chukua nyuzi za pamba laini, zisuke kama nywele za mtoto, usizikaze."

Nereida aliuliza kwa sauti ndogo, "Na sufu je? Nyumbani tumejaza sufu."

"Sufu fumia blanketi, binti. Motoni inanuka nywele na kujikunja. Haifai."

"Nitajuaje unene?" aliuliza Tiburcia. "Mwembamba umezama, mnene umefuka."

"Unene wa utambi unafuata unene wa mshumaa. Mshumaa mwembamba, utambi mwembamba. Na nta ya nyuki ni nzito, inataka utambi mnene kidogo kuliko ile nta ya dukani. Lakini usikisie. Tengeneza kipande kifupi chenye unene uleule wa mshumaa unaoutaka, ukiwashe, ukae ukitazame. Moto ukizama ndani ya nta, ongeza nyuzi. Ukirukaruka, ukatoa moshi na kuota kichwa cheusi kama uyoga, punguza. Ukitulia, na nta ikayeyuka mpaka karibu na ukingo bila kumwagika, umepata wako."

Alimwonyesha pia kuuchovya utambi kwenye nta ya moto mpaka mapovu yaishe, kisha kuunyoosha ukauke. Na kila mara kabla ya kuwasha, kukata ncha ibaki fupi kama kucha.

"Na nta yangu iliyoharibika?"

"Haijaharibika. Iyeyushe upya, ichuje kwa kitambaa. Ulichokosea ni uzi tu."

Kazi ya kusuka ilimwangukia Nereida. Vidole vyake ni vyepesi. Kipande cha kwanza kilizama, akaongeza nyuzi. Cha pili kilifuka, akapunguza. Cha tatu alikaa mbele yake hadi chakula kikapoa, na Elfego akala sehemu yake. Moto haukutikisika. Ndipo Tiburcia akatengeneza mishumaa mikubwa kwa utambi ule.

Jumapili tulikwenda. Crispín alitupokea kwa adabu kavu. Nereida akabaki kwenye kizingiti. Tiburcia alikata ncha ya utambi, akawasha mshumaa.

Wazee walisema yao. Anselmo aliomba radhi. Crispín hakumtazama. Aliutazama mshumaa kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Alisogea karibu. Alikagua ukuta wa nyuma kama una masizi. Moto ulisimama wima, umetulia, na nyumba ikanukia asali.

"Utambi huu kausuka nani?" aliuliza mwishowe.

Tiburcia akafungua mdomo, lakini Nereida akatangulia.

"Ni mimi, baba."

Crispín aliendelea kuutazama moto.

"Umesukwa vizuri," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Wewe unangoja nini? Mtoto amesimama mlangoni, na chokoleti inapoa."

Mama mtu hakungoja kuambiwa tena. Alimfuata binti yake kizingitini, akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Siku hizi Anselmo huufunga uzi wenye shabu kwa kitambaa chekundu, usichanganywe tena. Na picha ya mama yake ni safi, isipokuwa alama ndogo juu ya mdomo ambayo Nereida hakuweza kuitoa.