Mazoezi ya Kufanyiwa

Kandida alipotoka shule alivua viatu mlangoni akaviacha palepale. Hakuwa na nguvu ya kuvipanga. Alichota maji bombani kwa jirani, akaosha vyombo vya asubuhi, kisha akabandika maharage. Mama yake alikuwa anauza ndizi sokoni Maji ya Chai, naye angerudi Moshono jioni akiwa amechoka kumshinda.

Ilibaki kazi moja, na hiyo ndiyo iliyomlemea: kumchezesha Bibi.

Bibi Susana, mama yake mama, aliteleza shambani kwake Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, akavunjika nyonga, akaletwa kwao Moshono. Mfupa uliunga, lakini miguu ilibaki dhaifu. Aristides, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliwaazima mchezo wa kuunganisha na televisheni. Ulikuwa na kamera ndogo iliyomtazama mchezaji. Ukinyoosha mkono, na mtu wa kwenye kioo ananyoosha mkono. Mbele yake kulikuwa na mti wenye matunda, nawe ulitakiwa kupiga hatua huku na huku ukiyagusa.

"Huu unaamsha miguu na akili kwa pamoja," Aristides alimwelekeza Kandida siku aliyouleta. "Tunda la kijani gusa, jekundu acha. Vyote viwili vikikaa sawa, Bibi atarudi kwake."

"Na visipokaa sawa," Mama aliongeza, "atabaki hapa. Shamba tutampa mtu mwingine alime."

Bibi alitazama dirishani, upande wa mlima.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi alimtania Kandida jioni hiyo maharage yakichemka, akijiinua kwenye kiti. "Washa hilo dude lako."

"Ya kijani, Bibi! Gusa ya kijani!"

Bibi akagusa tunda jekundu. Mashine ikalia kama honi ya pikipiki. Akagusa jekundu jingine. Ikalia tena.

"Bibi, jamani!"

"Nimekusikia, mjukuu wangu," Bibi alijibu kwa upole, akagusa jekundu tena. Muda si mrefu aliketi akihema. "Mashine hii inanitukana. Cheza wewe, mimi nitakuombea."

Kandida alisimama katikati ya sebule. Aliona wazi kwamba akili za Bibi zimechoka. Mama akijua, Bibi hatarudi mlimani. Tena maharage yalikuwa yanakaribia kuungua. Akajiweka mbele ya kamera akacheza yeye, na mashine ikamsifu, ikahifadhi alama kama za Bibi.

Kesho yake Bibi hakuinuka kabisa, na siku zilizofuata ikawa hivyohivyo. Kandida alicheza, Bibi akasinzia kitini. Lakini kila Kandida aliposali Baba Yetu, alipita haraka sana penye "utusamehe makosa yetu."

Jumamosi moja Aristides alikuja kuwatembelea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mchumba wangu. Mbona umekuja mikono mitupu?"

Aristides alicheka, akawasha mashine na kutazama alama zilizohifadhiwa. "Loo! Bibi, hizi ni alama za msichana!"

Bibi alikohoa. Mama aliinua mikono juu. "Mungu ni mwema! Basi wiki ijayo tumrudishe kwake."

"Tumwone kwanza kwenye hatua ya juu ya mchezo," alisema Aristides.

Matunda yalikuja kwa kasi. Bibi akapiga hatua, akayumba, akagusa jekundu, honi ikalia. Akajaribu tena. Goti likamlegea, na kama Aristides asingemdaka kwapani, angeanguka sakafuni.

Mama alikuwa ameshika mdomo. "Amegusa mekundu matupu! Mama, kichwa kimekuwaje?"

Kandida aliyatazama magoti ya Bibi. Yalikuwa yanatetemeka.

"Mama, alama zile ni zangu," alisema. "Nilicheza mimi. Nilikuwa nimechoka, na niliogopa Bibi asije akazuiwa kurudi kwake."

Aristides alimketisha Bibi, akachuchumaa mbele yake. "Bibi, kwa nini unagusa mekundu?"

"Kwani kahawa mbichi inachumwa?" Bibi aliuliza kwa mshangao. "Tangu niolewe nachuma nyekundu, ya kijani naiacha iive. Huyu mtoto aliposema niguse ya kijani, nikajua ni mtoto wa mjini, kahawa haijui. Sikutaka kumwaibisha."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ghafla kicheko kikageuka machozi.

Aristides alirudisha mchezo kwenye hatua ya chini, akabadilisha kanuni ili matunda mekundu ndiyo yaguswe. Bibi akacheza ameketi, mikono yake ikiruka kama ya mchumaji. Honi haikulia hata mara moja.

"Kichwa hiki ni kizima," Aristides alisema. "Miguu ndiyo iliyolala, kwa sababu haikufanya kazi. Kurudi nyumbani bado."

Aristides alipoondoka, Mama alimwita Kandida akamweka karibu naye.

"Najua hukukusudia mabaya. Lakini leo tulikuwa tayari kumpeleka Bibi shambani kwa miguu yako. Kesho yake angeanguka. Mwanangu, kuna mzigo unaoweza kumtua mwenzako, na kuna usioweza kumbebea. Hakuna anayekula chakula mwenzake akashiba, wala hakuna anayemtubia mwenzake. Mazoezi nayo ni hivyohivyo. Na ukichoka, niambie umechoka. Kuchoka si dhambi. Ukinificha, nitakusaidiaje?"

Tangu siku hiyo Mama alibandika maharage alfajiri, kabla ya kwenda sokoni. Jioni Kandida alisimama kando ya Bibi, na Bibi akacheza mwenyewe, akilalamika kila siku.

Masika ilipokwisha, Bibi alipanda mteremko wa Nkoaranga kwa miguu yake. Kandida alimfuata nyuma, mikono tayari, bila kumshika. Kwenye kona ya kanisa Bibi alisimama akivuta pumzi.

"Nimechoka," alisema.

"Hata mimi, Bibi."

Wakaketi kwenye jiwe wakapumzika, halafu wakaendelea.