Lenzi ya Mara Kumi

Zuwena alikuwa mshona kofia wa Ng'ambo, Tabora, tangu ujana wake. Kofia aliiweka mapajani, na vidole vikajua njia. Sasa macho yalimchoka. Kofia ingesubiri, lakini insulini ya mumewe haikusubiri. Sabiri alikuwa na kisukari, na macho yake yalikuwa mabovu kuliko ya mkewe.

Juma lililopita Zuwena alimchoma dawa nyingi mno. Sabiri akatoka jasho, akatetemeka, akaanguka mlangoni. Chai ya sukari ndiyo iliyomwokoa. Kwa hofu, Zuwena akanunua lenzi ya mkono yenye nguvu kuliko zote sokoni, ya kukuza mara kumi.

Jioni hiyo ugali ulikuwa tayari. Zuwena akaweka bomba la sindano mapajani, kama kofia, akashika lenzi juu yake. Akaona mstari mmoja mnene, namba hakuna. Akainua lenzi kidogo. Kukawa ukungu mtupu.

"Dawa imefika uniti ishirini?" Sabiri akauliza.

"Nadhani."

"Mke wangu, unadhani?"

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa Dafrosa, jirani anayefanya kazi kliniki ya macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo unisomee hapa, mwanangu."

Dafrosa akalipeleka bomba kwenye mwanga.

"Mama, hii ni arobaini."

Angemuua mumewe kwa mkono wake mwenyewe.

Dafrosa akapunguza dawa hadi ishirini, akaisoma tena, ndipo akamchoma Sabiri. Kisha akaichukua lenzi.

"Si mbovu. Ila lenzi ikizidi nguvu, unaona sehemu ndogo zaidi. Hii inakaa karibu kabisa na jicho, na kitu unakisogeza mpaka kionekane. Ni ya fundi saa. Wewe umeishika mbali, kama unashona. Kwenye bomba unahitaji mistari na namba zake pamoja. Lenzi pana ya mara tatu, yenye taa, inakutosha."

"Nami nilidhani nguvu ndiyo kila kitu."

"Nguvu ina kazi yake. Tena lenzi hukuza tu, haitibu jicho. Kesho njoo upimwe. Na ukikosa uhakika, usichome. Niite."

Kliniki walimkuta na mtoto wa jicho, wakampangia upasuaji. Wakati akisubiri, Zuwena alisomea bomba mezani, karibu na dirisha, kwa lenzi pana.

"Imefika?" Sabiri akauliza.

"Ishirini," akajibu Zuwena.

Sabiri akapandisha shati, akangoja sindano bila kuuliza tena.