Aliyeujibu Ukuta

Jua lilikuwa linazama Nyasubi pale fundi Bujiku alipobandika sikio ukutani kwa mara ya nne, hasira zimemjaa mpaka kooni. Melania, muuguzi aliyemwita amkagulie nyumba kabla ya kuinunua, hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anapapasa marumaru.

"Fundi, hebu ona sebule inavyong'aa."

"Mama Enock, kung'aa ni rangi tu. Mimi natafuta nyumba iko wapi."

Alishamwonyesha kila kitu. Timazi lilionyesha ukuta umelala vidole viwili. Msumari ulizama kwenye lipu kama kwenye ugali. Nyufa zilikuwa zimezibwa na kupakwa rangi juzi tu, maana bado zilinuka. Na kila alipotaja kosa, Melania alijibu kwamba litarekebishwa. Miaka kumi na moja ya kubanana na watoto wawili kwenye chumba kimoja cha kupanga ilikuwa imemchosha, na kesho asubuhi alikuwa anakwenda kusaini. Basi fundi wa nini? Aliitwa kukagua au kusifia?

Bujiku alishika nyundo yake ndogo, akaingia chumba cha nyuma, ambacho watoto wangelala. Lipu iliyoshika vizuri hutoa sauti nzito, na iliyoachia hulia tupu. Akagonga mara moja, akasikiliza.

Ko... ko... ko.

Huo haukuwa mwangwi. Yeye aligonga mara moja tu.

Kisha ikaja harufu. Jasho la watu wengi mahali pasipo na hewa. Bujiku aliijua vizuri. Kabla ya kushika mwiko alikuwa amechimba dhahabu miaka sita huko Geita, na aliyefukiwa duarani, yaani ndani ya shimo la machimbo, hugonga mwamba mara tatu ili walio juu wajue yu hai. Wa juu wakigonga tatu kumjibu, wanamwambia jambo moja: chimba kuja huku, tunakupokea.

Akaiweka nyundo sakafuni polepole.

"Mama Enock," akanong'ona, "usiguse ukuta huu. Narudi sasa hivi."

"Umeona nini tena? Mbona huishi visingizio?"

"Nimesema usiguse!"

Uani kwa jirani, mama mmoja mzee aitwaye Paskalia alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

"Mama, mchanga wa nyumba hii uliletwa kutoka wapi?"

Paskalia aliacha mchicha. Alitazama nyumba ile, akashusha sauti. "Si mchanga wa mtoni. Ni marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa. Yalitoka kwenye duara lililotitia, njia ya Ushirombo. Vijana walibaki chini. Waligonga siku mbili, ng'wanawane. Wenzao wa juu waliwasikia. Wakachoka kufukua, wakaona aibu hata kuwajibu."

"Na aliyejenga?"

"Hakumaliza hata wiki humo ndani."

"Sasa mbona hamumwambii mtu?" Bujiku alishindwa kuzuia hasira.

"Nani anatuuliza? Kila anayekuja anaangalia marumaru."

Alirudi mbio. Melania alikuwa amesimama chumba cha nyuma, nyundo mkononi, amekunja uso.

"Hiki ndicho ulichonikimbizia?" akasema. "Nimegonga mwenyewe, mara tatu, kwa nguvu zote. Ukuta mzima kabisa. Wewe unataka tu nikose nyumba."

Bujiku alitaka kumfokea. Badala yake akabandika sikio ukutani.



Kisha, mbali sana ndani ya ukuta ambao unene wake haukufika hata shubiri mbili, kukasikika chuma kinakwaruza jiwe.

Kri... kri... kri...

Si chuma kimoja. Vingi.

Walikuwa wanachimba.

Nyundo ilimdondoka Melania. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakusema kwamba kitu kitarekebishwa. Walitoka wote wawili bila kufunga mlango.

Bujiku alimsimulia habari ya mchanga na wale vijana, naye hakusaini. Alilia kwa ajili ya nyumba ile kama aliyefiwa, na kwa wiki nzima alimnunia Bujiku kana kwamba fundi ndiye aliyewazika wale vijana. Baadaye alihamishiwa Shinyanga mjini, na Bujiku mwenyewe akamtafutia nyumba ya kupanga huko Ngokolo. Haikuwa na marumaru, na rangi yake ilikuwa imepauka, lakini kuta zake zilikuwa zimenyooka. Bujiku aliridhika. Angalau mara moja katika maisha yake mtu alikuwa amemsikiliza.

Mwezi wa pili, magharibi inaingia, simu yake ikaita.

"Fundi." Melania alikuwa ananong'ona. "Hii nyumba uliyonitafutia... mchanga wake ulitoka wapi?"

Swali lilimuudhi. Ina maana bado hamwamini?

"Mtoni, Mama Enock. Nyumba hiyo niliijenga mimi, mchanga niliuchekecha kwa mikono hii. Hakuna kosa hata moja humo."

Melania akasogeza simu ukutani. Bujiku akasikia, nyuma ya pumzi zake, chuma kinakwaruza jiwe. Safari hii hakikuwa mbali.

"Basi si mchanga wanaoufuata, fundi," akasema taratibu. "Lipu imeanza kudondoka."