Safu ya Nalwoga

Basi la shule lilimshusha Lamya mbele ya lango la nyumba yao, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, saa nane na robo mchana kama siku zote. Viatu aliviacha mlangoni, kimoja huku kimoja kule. Mkoba aliutupa kwenye kochi. Kisha akapaza sauti:

"Nalwoga! Nna njaa!"

Nalwoga akatoka jikoni na sahani ya wali na samaki. Alikuwa msichana wa Kiganda, mwembamba, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili akifanya kazi katika nyumba ile. Aliiweka sahani mezani, akaokota viatu, akautundika mkoba, akarudi jikoni. Lamya alikula huku akitazama simu. Hakumtazama aliyemletea.

Lamya alikuwa na miaka kumi na miwili. Wiki ile shuleni kwao ilikuwa wiki ya afya, na Mwalimu Truphena, Mkenya aliyewafundisha kompyuta, alikuwa amewapa kazi. Kwa siku saba kila mwanafunzi aandike watu wa nyumbani kwao wamelala kwa muda gani kila usiku.

"Kila anayelala chini ya paa lenu anaandikwa," alisema Mwalimu. "Mtoto mchanga, babu, na dada anayewapikia pia. Msimwache mtu."

Tarakimu hizo wangezitia katika R, lugha ya kompyuta inayotumiwa na wataalamu wa takwimu. Unaiandikia amri fupi, nayo inakupa wastani au inakuchorea mchoro. Lamya aliipenda R kuliko masomo yote. Alipenda namna ilivyojibu papo hapo, bila kuuliza maswali.

Alitengeneza safu sita, kila mtu na yake. Baba na Mama walimjibu asubuhi wakitafuta funguo za gari. Mdogo wake Amur alilala kwa saa kumi kila siku na bado alilia akiamshwa. Bibi yao, ambaye alikuwa amefiwa na mumewe miezi minane nyuma, alisema, "Andika saba, mjukuu wangu. Nnalala vizuri, alhamdulillahi." Safu ya sita, ya Nalwoga, ilibaki tupu siku zote saba.

Jumamosi alasiri Lamya aliandika amri ya kutafuta wastani wa nyumba nzima. R ikamjibu kwa herufi mbili tu: NA. Akarudia. NA. Akampigia simu binamu yake Yazan, aliyekuwa akisoma takwimu chuo kikuu.

"R yangu imeharibika."

"Haijaharibika. Nitumie picha." Baada ya kitambo kidogo Yazan akacheka. "We mtoto! Una safu tupu. Hizo herufi maana yake jibu halipo. Unataka wastani wa nyumba nzima, na mmoja wao hujui kalala vipi. Unataka ikwambie nini?"

"Hakuna amri ya kumruka?"

"Ipo. Lakini si umesema mwalimu wenu anataka kila mtu? Nenda kamuulize, dakika mbili tu. Au unamwogopa?"

"Nimwogope kwa nini!"

Lamya akaenda mpaka mlango wa jikoni. Nalwoga alikuwa amempa mgongo, akisugua sinia. Tangu Nalwoga aje, Lamya alikuwa amemuuliza mambo mengi: soksi ziko wapi, chai iko tayari, nani kalihamisha daftari lake. Hata siku moja hakuwahi kumuuliza jambo linalomhusu yeye mwenyewe. Sasa alipotaka kuanza, ulimi ulimwia mzito.

Nalwoga akageuka. "Unataka maji?"

"Hapana. Ndiyo."

Akapewa maji, akayanywa bila kiu, akarudi chumbani. Akaandika nane katika safu tupu, mara saba. Akatoa amri tena. Saba nukta nane, ikajibu R. Kompyuta haikumuuliza ile nane kaitoa wapi.

Jumapili Mwalimu Truphena alikusanya kazi za nyumba zote ishirini na mbili na kuzichora katika mchoro mmoja ukutani. Nukta za kijani zilikuwa watoto. Za buluu zilikuwa watu wazima. Nyekundu zilikuwa wafanyakazi wa nyumbani. Za kijani zilielea juu. Nyekundu zilikuwa zimelundikana chini, kwenye tano na sita, isipokuwa moja iliyokaa juu peke yake.

"Nukta iliyojitenga na nyingine," alisema Mwalimu, "ama ni kosa, ama ni habari muhimu. Hatuifuti, tunaiuliza. Lamya, hii ni ya kwenu. Usiku saba, na kila usiku nane kamili. Ni kweli?"

Lamya alihisi masikio yake yakipata moto. Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Una hakika? Ulimuuliza mwenyewe?"

"Ndiyo."

Mwalimu alimtazama kidogo. "Sawa basi. Nimeshakuuliza, na umeshajibu. Jumatano wazazi watakuja. Wewe utasimama uwaeleze nyumba yenu inafanyaje, ili na wengine waige."

Wakati wa mapumziko Afra, anayekaa dawati moja naye, alimsogelea. "Nyumba ya malaika! Huyo dada anayelala kwa saa nane, basi nani anakupigia pasi? Majini?"

"Wivu tu."

"Wivu wa nini? Mie dada wetu nilimuuliza, akalia. Mama hakupenda niandike. Nimeandika hivyo hivyo." Afra akang'ata sambusa yake. "Nimeona aibu, wallahi. Lakini nimeandika."

Lamya akampa Afra sambusa yake.

Aliporudi nyumbani alikuta habari imemtangulia. Shule ilikuwa imempelekea Mama ujumbe, na Mama alikuwa jikoni amefurahi, simu mkononi, Bibi amekaa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Katika nyumba ishirini na mbili!" Mama alisema. "Nalwoga, unasikia? Sisi tumekuwa mfano. Wewe unalala kwa saa nane, wa wenzetu hawapiti sita."

Kisu cha Nalwoga kilisimama juu ya kitunguu.

"Mimi? Saa nane?"

"Si ndivyo ulivyomwambia Lamya?"

Nalwoga akainua macho, akamtazama Lamya. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa ya mtu anayepima jambo haraka, akiona nani ataumia. Kisha akainamisha kichwa na kuendelea kukata.

"Ndiyo, Mama. Ndivyo nilimwambia."

Bibi aligeukia dirisha. Lamya alitoka jikoni asijue anakwenda wapi. Kudanganya mwenyewe kulikuwa kumemchoma masikio tu. Kumwona Nalwoga akidanganya ili amfiche yeye, huko kulimwandama. Jioni ile hakugusa chakula. Mama akadhani ni hofu ya kusimama mbele ya wazazi.

Jumatatu, alipotoka shule, hakupaza sauti mlangoni. Alimfuata Nalwoga chumba cha kufulia, akasimama kando ya meza ya pasi.

"Nalwoga. Unalala kwa muda gani?"

"Kwa nini unauliza leo? Si umeandika?"

"Nilibuni."

"Najua ulibuni. Uliniuliza lini?" Nalwoga akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Wacha tu. Mimi sitaki shida."

"Nataka kuandika kweli."

Nalwoga aliendelea kupiga pasi mpaka shati likaisha. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Usiku wa jana, nne. Wa juzi, tano. Wa nyuma yake, nne na nusu. Hizo nakumbuka. Zile za wiki yako sikumbuki. Usiziandike."

"Kwa nini chache hivi?"

"Sare yako unaileta saa nne za usiku, imelowa jasho. Naifua, naingoja ikauke. Asubuhi saa kumi na nusu naipiga pasi, natengeneza chakula chenu cha shule." Akasita. "Na katikati kuna Bibi. Tangu babu yako afe, anaamka. Ananiita maji. Mimi naleta, yeye hanywi. Hataki maji, anataka mtu. Basi nakaa naye. Ananiambia mambo ya mumewe mpaka analala tena."

"Mbona hakutuambia?"

"Anasema mtamwona amezeeka. Usimseme. Hiyo si yako kusema." Akachukua shati jingine. "Mimi siudhiki kukaa na yeye. Mama yangu mimi nilimzika kwa simu. Ndugu yangu alishika simu juu ya kaburi, mimi nimekaa hapa, kwenye ndoo hii. Najua vile mtu anaamka."

Lamya aliitazama ile ndoo, imefunikwa mdomo chini karibu na mashine. Alijaribu kukumbuka siku hiyo ilikuwa lini. Hakukumbuka, kwa sababu hakuna aliyemuuliza Nalwoga ana nini.

"Nisamehe," alisema kwa sauti ndogo.

"Sawa. Sasa toka, unanifanya nichome nguo."

Jumanne kabla ya kengele, Lamya alimkuta Mwalimu Truphena peke yake katika chumba cha kompyuta. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yote yakamtoka kichwani.

"Mwalimu, zile nane si kweli. Sikumuuliza. Niliziandika mwenyewe, na uliponiuliza nikadanganya tena."

Mwalimu hakupiga kelele. Alivuta kiti cha pili, akamfungulia kazi yake. "Zifute wewe mwenyewe."

Lamya akazifuta moja moja. Mwalimu akamwelekeza atie tarakimu tatu za kweli katika safu mpya, yenye tarehe zake, na kuacha nafasi nyingine kama zilivyo. Wastani wa siku tatu ukawa nne na nusu. Wa wiki ile ya kazi ukarudi kuwa NA.

"Bado inasema haijui," Lamya alisema.

"Kwa sababu haijui, na wewe hujui. Si aibu kuandika kwamba hujui. Mimi naandika hivyo kila mwaka." Mwalimu akamgeukia. "Ila fahamu ulichofanya. Dada wale wengine walisema ukweli mgumu. Nane yako ikapandisha wastani wao, ikafanya hali yao ionekane nafuu. Kesho utasimama vilevile. Lakini nyumbani wajue leo. Na huyo dada akubali kwanza utakachosema. Ni habari yake."

Nalwoga alikubali tarakimu zisemwe. Jina lake akasema lisitajwe shuleni. Basi wakati wa kahawa ya magharibi, mbele ya Baba, Mama na Bibi, Lamya akasimama na kusema yote, isipokuwa habari ya Bibi.

Uso wa Mama ulibadilika. "Nimeshawatumia dada zangu wote ule ujumbe! Sasa uende mbele ya watu useme tunamnyima mtu usingizi? Utatuaibisha, Lamya!"

"Atatuaibisha kwa lipi?" Bibi aliuliza. Aliweka kikombe chini. "Aibu tulikuwa nayo humu humu ndani. Yeye kaiandika tu. Na ile saba yangu, mjukuu wangu, ifute pia. Mie ndiye nnayemwamsha huyu mtoto wa watu kila usiku. Nnaamka, upande wa marehemu u mtupu, naogopa. Nikaona haya kuwaambieni. Nikamtwisha yeye."

Nalwoga, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, alitaka kuondoka. Mama akainuka, akalipokea birika mkononi mwake.

"Kaa, Nalwoga," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Kaa hapa tuzungumze."

Walizungumza mpaka kahawa ikapoa. Lamya angehamishia kitanda chake chumbani kwa Bibi. Sare angeifua na kuipiga pasi mwenyewe mchana ule ule akirudi. Chakula cha shule Mama angekitayarisha mapema jioni. Ijumaa ingekuwa ya Nalwoga, siku nzima.

Jumatano Lamya alisimama mbele ya wazazi arobaini. Alisema alibuni tarakimu, akadanganya alipoulizwa, na kwamba tarakimu ya kweli ni nne na nusu, kwa usiku tatu tu. Nyuma ya ukumbi mtu aliguna. Afra, mstari wa mbele, hakucheka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hakutoka.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja saa ya Nalwoga ililia na kunyamaza, na mwenyewe hakuamka. Ilipofika saa kumi na mbili Lamya aliingia jikoni, akakuta hakujawashwa taa. Bibi alikuwa amekaa pale, kanga kichwani, akichemsha maziwa.

"Nikamwamshe?" Lamya aliuliza.

"Thubutu!"

Lamya akachukua mkate, akaanza kuupaka siagi mwenyewe. Baada ya muda akasema, "Bibi, bado nikimtazama naona haya."

"Vyema. Haya ni nzuri, ikikufundisha kazi." Bibi alimimina maziwa polepole. "Siku ile ungemuuliza ungeona haya dakika moja. Ukaikimbia hiyo moja, ikakurudia siku nyingi, tena mbele ya watu. Na mie hali kadhalika, mtu mzima kama mie. Ukitaka kujua hali ya mtu, muulize mwenyewe, na usimjibie. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, weka hicho kikombe taratibu. Kuna mtu amelala."